Mkono Usiofika Sikioni

Mgambo wa kata alifika kwa Lusungu asubuhi, mvua ikinyesha, akakataa kukaribishwa ndani. Alisimama uani, maji yakimchuruzika kwenye koti la plastiki, akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba:

"Mama Tulia, unaitwa Baraza la Kata. Alhamisi. Una kesi."

"Kesi ya nini?"

"Ya kumficha mtoto. Serikali imefuta ada, watoto wote wanaandikishwa, wa kwako yuko jikoni anamenya viazi."

Lusungu akageuka kumtazama Tulia. Kweli alikuwa jikoni, na kweli alikuwa anamenya viazi: kiazi amekibana kwa nyayo zake mbili, kisu kiko mkono wa kushoto, maganda yanatoka membamba na marefu bila kukatika. Mkono wa kulia ulining'inia ubavuni kama jani la mgomba lililovunjwa na upepo.

"Nenda ukamwambie mtendaji," Lusungu alisema, "mtoto nimemficha kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Kila Januari nampeleka kumficha humo, na kila Januari mwalimu ananirudishia."

Mgambo hakucheka. Alisema tu, "Alhamisi, saa nne," akaondoka akikwepa madimbwi.

Huo ulikuwa mwaka wa elfu mbili na mbili, na Tulia alikuwa na miaka kumi na miwili. Redioni walikuwa wakitangaza usiku na mchana kwamba kila mtoto wa kuanzia miaka saba hadi kumi na miwili aandikishwe darasa la kwanza. Uandikishaji ulikuwa unafungwa Ijumaa, siku moja baada ya kesi. Januari ijayo Tulia angekuwa amevuka umri, na asingehesabika tena kuwa mtoto wa kuandikishwa. Lusungu alilijua hilo vizuri kuliko mgambo, kuliko mtendaji, na kuliko mume wake.

Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa darasani. Baba yake, huko Isongole, alimwambia shule ni ya kaka yake Hezron, yeye abaki alee wadogo. Sheria ya kulazimisha watoto wasome ilipotungwa, mwaka wa sabini na nane, Lusungu alikuwa tayari mwari anayetafutiwa mume. Kikaja kisomo cha watu wazima, akakatazwa na mume. Alichobaki nacho ni dole gumba, ambalo lilikuwa limeshawekwa kwenye karatasi nyingi bila yeye kujua zinasema nini. Alizika watoto wawili kabla ya Tulia. Tulia alikuja vibaya, mkunga akamvuta kwa nguvu, akatoka mzima na analia, lakini mkono wa kulia ulikuwa umekufa. Ukoo wa mume ukasema huyu mwanamke hata akizaa, anazaa pungufu. Walisema karibu naye, ili asikie.

Basi mwaka Tulia alipofikisha miaka saba, Lusungu alimwogesha, akamvika gauni la kanisani, akampeleka shule. Wakati huo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vitu vya watu wa mjini Tukuyu. Huku vijijini umri wa mtoto ulipimwa kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la kushoto, amefika, anaandikishwa. Visipogusa, arudi nyumbani akale ndizi, aje mwakani.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Godwin, alikuwa amekaa mlangoni na daftari lake.

"Inua mkono, mtoto."

Tulia aliinua wa kushoto. Akaupitisha juu ya utosi, akalishika sikio la kulia, akalivuta kabisa ili mwalimu aone vizuri.

"Wa kulia," alisema Mwalimu Godwin.

"Wa kulia umekufa, mwalimu. Tangu kuzaliwa."

"Kipimo ni mkono wa kulia, mama. Sikukitunga mimi."

"Si huo mwingine umefika mpaka unavuta?"

"Kushoto ni kushoto. Hata huko darasani hatuandiki kwa kushoto." Akamtazama mtoto aliyekuwa nyuma yao. "Hajafikia. Mwakani. Anayefuata!"

Mwakani yake ikafika, na nyingine, na nyingine. Mkono wa kulia haukufika sikioni, kwa sababu mkono uliokufa haukui mpaka sikioni hata ukiusubiri. Watoto aliowabeba Tulia mgongoni walipimwa, wakafika, wakaingia. Lusungu akageuka kichekesho cha Januari. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walimwambia, "Mama Tulia, mwaka huu umeumwagilia mbolea?" Mwaka mmoja shule ilitaka mchango wa madawati kwa kila anayetaka kuandikisha. Hosea, mume wake, alikataa kutoa, Lusungu akauza maharage yake kimyakimya, akapeleka. Mchango ulipokelewa. Mtoto akakataliwa. Akaomba basi wamrudishie pesa ya dawati, Mwalimu Godwin akamjibu kwamba hizi ni zama za kuchangia, na kila mtu anachangia maendeleo ya wote. Kwa hiyo kulikuwa na dawati la Tulia mle ndani, na mtoto wa mtu mwingine alikuwa amelikalia.

Na sasa kesi.

Hosea alirudi jioni akiwa na uso wa mtu aliyetua mzigo. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu.

"Nimeongea na mtendaji," alisema. "Kuna njia. Unaweka dole kwenye karatasi kwamba mtoto ni mgonjwa, hawezi shule. Mtoto mgonjwa sheria haimtaki. Hakuna faini, hakuna mahabusu. Yamekwisha."

"Halafu shule?"

"Shule gani, Mama Tulia? Wenzake karibu wanamaliza."

"Nimekuuliza, halafu shule?"

"Mwanamke, mimi nakutoa kwenye jela, wewe unaniuliza shule!" Akashusha sauti. "Na usisahau baba yupo kwenye baraza. Unataka nimtazame vipi?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Mmoja wa wajumbe wa baraza alikuwa mzee Ambindwile, baba yake Hosea. Na kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Hakai naye chumba kimoja, hapiti mbele yake, hazungumzi naye, hatamki jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia migombani na kugeuza uso mpaka mzee apite. Vijana wa mjini walikuwa wameshaiacha mila hiyo, na mchungaji alisema haina maana, lakini mzee Ambindwile alikuwa mzee wa kanisa na mzee wa mila, na hakuona sababu ya kuacha kimojawapo. Tangu aolewe, Lusungu alikuwa anamjua mkwe wake kwa kikohozi, kwa ncha ya fimbo, na kwa viatu vyake vya raba vyeusi. Uso wake hakuwahi kuuona. Mwanamke aliyevunja mwiko huo alirudishwa kwao na ng'ombe wa mahari wakadaiwa.

"Utasimama nje, chini ya upenu," Hosea alisema. "Mimi nitachukua maneno yako niyapeleke ndani. Baba amekubali hivyo. Ni heshima kubwa amekupa."

Usiku ule Lusungu alimsikia Tulia, ambaye walidhani amelala, akiuliza gizani, "Mama, mimi ni mgonjwa wa nini?"

Alhamisi mvua ilinyesha kama ilivyozoea kunyesha Rungwe mwezi wa kwanza, yaani bila kupumua. Lusungu alisimama chini ya upenu wa ofisi ya kata, Tulia pembeni yake katika lile gauni, ambalo sasa lilikuwa limeongezwa kitambaa chini na bado lilimwishia juu ya magoti. Dirisha lilikuwa wazi, halina kioo. Bati la ofisi lilipiga kelele kiasi kwamba maneno ya ndani yalimfikia vipande vipande.

Alimsikia mwenyekiti, mzee Andrea, akilalamika kwamba mvua imewazuia wajumbe wengine. "Tuko wachache," alisema. "Akipungua mmoja, baraza limevunjika, tutakutana mwezi ujao." Mwezi ujao! Lusungu akamshika Tulia bega.

Alimsikia Mwalimu Godwin: "... mzazi mkorofi ... takwimu za kata ... mkaguzi anakuja kutoka wilayani ..." Kumbe hilo ndilo lililokuwa linamwasha. Mkaguzi angekuja kuuliza kwa nini kuna mtoto nyumbani, na lazima awepo wa kubeba lawama, ama awepo mgonjwa.

Hosea akatoka, akainama kukwepa matone. "Wanauliza unajibu nini."

"Waambie sikumficha. Waambie nimempeleka kila mwaka, na mwalimu amemkataa kila mwaka, kwa ajili ya mkono. Sema hivyohivyo, Baba Tulia. Usipunguze."

"Sawa."

"Niapie."

"Nimesema sawa," akarudi ndani.

Mvua ya huku haipungui taratibu. Inakatika tu, kama mtu aliyefunga bomba. Ilikatika wakati Hosea amesimama katikati ya chumba, na sauti yake ikamfikia Lusungu dirishani nzima, kila neno mahali pake.

"Mke wangu anakubali kwamba mtoto ni mgonjwa. Hajui sheria, hakusoma. Anaomba msamaha mbele ya wazee. Yuko tayari kuweka dole."

Chumba kizima kilipumua. Mtu mmoja akasema, "Afadhali." Mwalimu Godwin akasema, "Hiyo ndiyo busara. Mtoto mgonjwa hahesabiwi." Mwenyekiti akaagiza wino.

Kisha ukatokeza mkono dirishani. Ulikuwa mkono wa katibu wa baraza, umeshika karatasi na kile kibati cha wino wa bluu. "Mama, weka dole hapa chini. Taratibu, usichafue."

Lusungu aliitazama ile karatasi. Ilikuwa nyeupe, safi, na dole gumba lake moja lilitosha kumrudisha Tulia jikoni mpaka mwisho wa maisha yake. Akaiweka mikono yake nyuma.

"Mama, mkono wangu unauma. Weka."

"Ngoja," alisema. "Nakuja."

"Unakuja wapi?"

Alijifunika khanga kichwani mpaka machoni, akazunguka nyumba, miguu ikizama kwenye tope jekundu. Mlangoni akageuka, akaingia kinyumenyume. Aliingia hivyo, kisigino kwanza, mpaka alipoona kwamba amepita kizingiti na mlango uko mbele ya macho yake na baraza lote liko nyuma yake.

Benchi likaanguka. Mtu akaita, "Jamani!"

"Mama Tulia!" ilikuwa sauti ya mwenyekiti. "Umepatwa na nini? Mkweo yumo humu!"

"Najua yumo. Ndiyo maana nimewaletea mgongo."

Mwanamke mmoja aliguna kwa kicheko, akakizuia. Alikuwa Mwanajuma, mjumbe pekee wa kike, mwenye duka la nguo barabarani, ambaye wazazi wake walikuja kutoka pwani na ambaye mila za wakwe wa Kinyakyusa zilimshangaza hata baada ya miaka yote hiyo.

Lusungu alisikia kiti kinalia. Alisikia fimbo ikigonga sakafu ya saruji, mara moja. Alikijua kikohozi kilichofuata. Mzee Ambindwile alikuwa amesimama. Kila mtu chumbani alijua kwamba mzee akitoka, atakuwa katika haki yake. Baraza litavunjika, Ijumaa itapita, na mwanamke aliyevunja mwiko atakuwa amevunja bure. Lusungu alitazama nje, migomba inayodondosha maji, akasubiri kuona viatu vya raba vikimpita.

Havikupita. Ulisikika mkwaruzo wa nguo nzito. Baadaye Mwanajuma ndiye aliyemsimulia: mzee alivua koti lake, akaketi tena, akajifunika koti lote kichwani kama mtu aliyenyeshewa.

"Liendelee," sauti ikatoka chini ya koti.

Mwenyekiti alisafisha koo. "Haya. Mama, sema ulichokuja kusema, utoke."

"Mume wangu hakuwaambia nilichomtuma," alisema Lusungu. Sauti ilimtetemeka, akaichukia. "Mtoto wangu si mgonjwa. Mimi nina kosa."

"Umesemaje?"

"Nina kosa. Mtoto ana miaka kumi na miwili, hayuko shule. Si ndiyo mliyoniitia? Basi ni kweli. Niadhibuni."

"Mama, hujaelewa," Mwalimu Godwin aliingilia, kwa upole wa kumwelekeza mtoto mjinga. "Tunakusamehe. Ukikubali kwamba anaumwa, huna deni na mtu."

"Sitaki kusamehewa. Mkinisamehe mimi, mtoto hana shule. Mkinitia hatiani, ana shule, kwa sababu mtakuwa mmesema alipaswa kuwepo huko. Au siyo, mwalimu? Mtu hafungwi kwa kumzuia kuku kwenda shule. Nifungeni kwa ajili ya mtoto."

"Mke wangu," Hosea alianza.

"Wewe nyamaza. Ulishasema ya kwako na ya kwangu."

Mwanajuma akauliza, "Mwalimu, huyu mtoto aliwahi kuletwa kwako?"

"Aliletwa. Hakufikia kipimo."

"Kipimo gani?"

"Cha mkono. Ni cha shule zote."

"Tulia!" Mwanajuma akaita kuelekea dirishani. "Mwanangu, ingia hapa. Nionyeshe unavyoshika sikio."

Tulia akaingia, akapita karibu na mama yake. Lusungu hakuweza kugeuka kumwona. Alisikia tu sauti ya Mwanajuma:

"Limeshikwa barabara. Kwa kushoto. Na wa kulia haukwenda mwaka jana, haukwenda mwaka juzi. Sasa mwalimu, kwa kipimo chako binti huyu atakuwa hajatimiza saba mpaka siku atakayoolewa?"

Safari hii walicheka wengi, hata katibu. Mwalimu Godwin hakucheka. Akasema yeye hana mwalimu wa vilema, vilema wana shule zao, ziko mbali lakini zipo, na yeye si aliyeanzisha utaratibu. Mwenyekiti akaanza kusema kwamba jambo hili limekuwa zito, labda liahirishwe, wapate ushauri wa wilayani. Lusungu akahesabu: kesho ndiyo Ijumaa. Angeweza kushindana na hukumu. Na kuahirishwa angeshindana nako vipi?

Fimbo ikagonga.

"Mwenyekiti," ilisema sauti chini ya koti, "mwanamke huyu ameingia nilipo. Amemnyamazisha mwanangu mbele za watu. Hayo ni ya nyumbani, nitayamaliza nyumbani, na atayalipa. Lakini amesimama hapa akasema ana kosa. Mtu mzima akikiri kosa, baraza haliahirishi, linaadhibu. Mimi naona ana kosa. Atozwe. Na mtoto aende shule kesho, kama sheria ilivyotaka, ili mama yake asipate sababu nyingine ya kuingia mahali nilipo."

Lusungu aliisikiliza ile sauti kwa makini kuliko alivyowahi kusikiliza kitu. Alitafuta ndani yake hasira, akaikuta. Alitafuta kama kuna kingine nyuma ya hasira, lakini koti lilikuwa zito.

Walipiga kura. Alitiwa hatiani. Mbuzi wake jike, mwenye mimba, aliuzwa kulipa faini. Kwa mkwe alitakiwa apeleke ndama, na kaka yake Hezron ndiye aliyemtoa, huku akisema mbele ya watu kwamba dada yake ana kichwa kibovu. Hosea hakuongea naye mpaka mahindi yalipochanua. Hakuna aliyemwambia Mwalimu Godwin kwamba ana kosa, wala hakuna aliyemwuliza Lusungu habari za Januari zote zilizopita.

Ijumaa asubuhi alimpeleka Tulia. Mwalimu Godwin aliandika jina bila kuinua macho, na bila kupima. Lusungu hakuondoka. Alisimama nje ya darasa la kwanza, penye matete, akachungulia.

Tulia alikaa nyuma, magoti yamegota chini ya dawati, kati ya watoto wanaomfikia kifuani. Wakagawiwa penseli. Mwalimu wa darasa, binti mgeni aliyetoka chuoni juzi, alipita akifundisha kushika. Alipofika kwa Tulia akasimama.

"Hapa tunaandika kwa mkono wa kulia."

Darasa lote likageuka. Lusungu alishika tete moja mpaka likamkata kiganja. Tulia aliweka penseli chini. Kwa mkono wa kushoto aliuchukua ule wa kulia, akauinua kutoka mapajani, akaulaza juu ya dawati mbele ya mwalimu.

"Huu hapa, mwalimu," alisema.

Akaishika tena penseli kwa kushoto, akaendelea pale alipoachia. Mwalimu alisimama kidogo. Kisha akaenda kwa mtoto mwingine.

Mwezi wa tano, mvua zikiwa zinaisha, Lusungu alikuwa anarudi kisimani aliposikia kikohozi mbele ya njia. Akatua ndoo, akaingia migombani, akageuza uso. Viatu vya raba vilikuja mpaka vikawa sambamba naye, vikasimama. Havikuwahi kusimama hapo kabla.

"Yule mtoto," mzee aliiambia migomba, "anasoma?"

Tulia alikuwa ameshajua kuandika jina lake, na jina la mama yake, na jana yake alikuwa ameyaandika yote mawili kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Lusungu alikuwa na jibu. Alilihisi limekaa kwenye ulimi, tamu, limekamilika.

Lakini mke wa mtoto hazungumzi na mkwe wake, na hakuna aliyeijua mila hiyo kuliko mzee mwenyewe. Lusungu akakaza macho kwenye shina la mgomba, akanyamaza. Mzee alingoja. Fimbo ikachimba udongo, ikachimba tena. Kisha viatu vikaondoka polepole, na yeye akabaki pale mpaka kikohozi kilipopotea kabisa, ndipo akajitwisha maji yake.